Wivu wa Nyumba ya Kubomolewa

Kuna siku haijanitoka moyoni, mwanangu, na jana nilipokusikia kwenye mkutano wa avenyu, mtaa wetu huu, ukisema kwamba jirani "amebahatika" kuwekewa alama ya kubomolewa, ilinirudia yote.

Nilikuwa ningali bibi arusi, upande ule mwingine wa Ruashi. Walikuja watu wa kupanua kiwanja cha ndege, kama hawa wa sasa, wakapaka msalaba mwekundu kwenye nyumba za kubomolewa. Wenye msalaba wangepewa parseli, kipande cha ardhi, na nyumba kwingine. Nyumba yetu ilipakwa. Ya shemeji yangu Kasongo, ndugu wa mume wangu, tuliyepakana naye ukuta kwa ukuta, haikupakwa. Yeye angebaki na kelele na vumbi.

Tangu hapo salamu zake zilikauka. Nikivaa kitenge kipya, anauliza, "Feza ya ndeke imeisha kufika?" yaani fedha ya kiwanja cha ndege. Mume wangu akicheka, yeye anaona anachekwa. Hasidi hana sababu, mwanangu.

Siku ya mjadala na wale wa kiwanja cha ndege, watu wakiuliza habari za shule na kelele, Kasongo akasimama. "Ile parseli haiko ya ndugu yangu. Baba alituachia sisi wote!"

Alijua si kweli.

Papa Mutombo, mzee wa avenyu, akamgeukia. "Kasongo, unamuonea ndugu yako wivu juu ya nini? Juu ya nyumba yenye batavunja? Basi hata jeneza lake utalitamani!"

Kasongo aliinama. Lakini maji yakimwagika hayazoleki: tulikwisha kuandikwa kuwa parseli yetu ina ugomvi. Mashine zilipofika, nyumba ilivunjwa, na mahali pengine hatukupewa.

Na nani alitufungulia mlango? Kasongo. Tulilala sebuleni kwake msimu mzima wa mvua, ndege zikitetemesha mabati. Alikwenda ofisini tena na tena kukana maneno yake, hadi wakamsikia, nasi tukapewa parseli huku. Siku tulipohamia huku, alilia kama mtoto. Sasa alibaki peke yake chini ya zile ndege.

Basi, mwanangu, usihesabu msalaba wa mwenzako. Simameni pamoja muulize: anayehama anapelekwa wapi, na anayebaki atalala vipi? Wivu utakuuma, wewe ni mtu. Umeze nyumbani, kabla hujafungua mdomo mbele ya watu. Mungu akupe jirani wa kukufungulia mlango, akupe na moyo wa kumfungulia yeye.