Jua la Dirisha la Jikoni

Mama yangu hakuja London kutalii. Alikuja kunilea katika arubaini yangu, zile siku ambazo mzazi kwetu Mombasa hatoki nje, hapiki wala hafui, kazi yake ni kula na kunyonyesha. Sanduku lake lilijaa pweza waliokaushwa, ufuta, pilipili manga ya kutilia uji, na khanga za kunifunga tumbo. Nguo zake mwenyewe zilienea kwenye mfuko wa mkononi. Alipoingia katika fleti yetu ya Thamesmead hakuuliza lolote kuhusu mji. Aliuliza jiko linawashwaje.

Juu ya friji alikuta chupa zangu za vitamini. Nilizinunua Woolwich nikiwa na mimba, kwa sababu wenzangu kazini wote humeza kitu: cha nywele, cha kucha, cha usingizi, na cha kuamka baada ya kile cha usingizi.

"Nani mgonjwa humu?" akauliza.

"Hakuna, mama. Ni za kuongezea chakula tu."

"Chakula kikipungua, huongezwa chakula." Akazihamishia kabati la chini, karibu na dawa ya choo.

Wiki ile ile alikuja nesi wa watoto kumpima mwanangu. Mama alimwandalia chai na mahamri, na nesi akala la pili bila kubembelezwa. Nikaona hapo ndipo pa kumuuliza kuhusu zile chupa. Akataka kujua ninakula nini. Mama alitaja mwenyewe, supu ya pweza, maharagwe ya nazi, mchicha, samaki, mayai, uji mara ngapi sijui, nami nikatafsiri mpaka nikasikia njaa. Nesi akasema anayekula hivyo hana haja ya zile chupa. Nilipomfikishia mama, alijiweka sawa kitini kama aliyeshinda kesi.

"Isipokuwa moja," nesi akaendelea.

Vitamini D, akasema, haipatikani sana kwenye sahani. Mwili huitengeneza kwa jua, na jua la hapa wakati wa baridi ni la kutazamwa tu. Mimi nimeze kidonge, na mtoto, kwa kuwa ananyonya, apewe tone kila siku.

"Asemaje?"

Nikamwambia. Uso wake ukasawijika. "Kwa hivyo maziwa yako yana upungufu. Na mimi niko hapa hapa."

Nilieleza kwamba watoto wote wanaonyonya huku huambiwa hivyo. Akauliza mama zao wamelishwa na nani. Mama amezaa sita, akatunyonyesha sote, na hakuna harusi niliyohudhuria naye ambayo hakuwasimulia watu jinsi sisi tulivyosimama mapema kwa maziwa yake. Nilitaka mambo mawili tu: mwanangu apate tone lake, na mama asirudi Mombasa akijiona kashindwa kunilea. Yote mawili kwa pamoja hayakuelekea kuwezekana.

Yeye alipata ufumbuzi wake siku hiyo hiyo. Kama ni jua, mtoto ataota jua. Kwetu alituotesha asubuhi, tumepakwa mafuta, kwenye ua ulio katikati ya nyumba, bila mtu kuvuka kizingiti. Hapa ua hatuna. Tuna dirisha la jikoni linaloangalia jengo jingine, na kati ya majengo hayo jua hupenya kidogo kabla ya adhuhuri, likijisikia. Mama alitandika mkeka pale, akamvua mtoto soksi, akakaa kusubiri. Jua likihama, naye anahama, mpaka siku moja nilimkuta kajibana na mtoto kati ya friji na mashine ya kufulia.

Mume wangu, ambaye ni dereva wa basi na mchokozi wa kuzaliwa, ndiye aliyekuwa akimpa habari za hali ya hewa.

"Mkwe wangu, kesho jua liko?"

"Liko, mama. Ila limetuma mawingu yatangulie."

Mimi nami nilikuwa na ratiba yangu. Mama anaposimama kuswali adhuhuri, nafungua chumbani kichupa cha matone alichoninunulia mume wangu na kumpa mtoto tone lake. Sala zake ni ndefu, Mungu amzidishie. Nilinyata kama naiba, na mtoto ni wangu.

Nesi aliporudi, mama hakungoja hata chai iive. Alimshika mkono, akampeleka jikoni kumwonyesha mkeka, dirisha, na miguu ya mjukuu iliyong'aa mafuta. "Mwambie," akaniamuru. Nikamwambia. Nesi alitazama kioo, akanitazama mimi, akasema polepole kwamba nguvu tunayoihitaji katika jua haivuki kioo. Na hata dirisha likifunguliwa, jua la miezi hii halifui dafu. Halafu akauliza kama mtoto anapata matone.

"Yes," nikasema.

Mama Kiingereza hajui, lakini "yes" anaijua. Alinikazia macho, kisha akataka nimtafsirie yote, hata ya kioo. Ningeweza kudanganya, ulimi ulikuwa wangu. Sikuweza. Nikamwambia kila neno, nikiona aibu na huruma kwa pamoja.

Alikaa kwenye mkeka wake. Nesi, mtu wa busara, akarudi sebuleni kula mahamri.

"Watoto sita," mama akasema. "Nimejisifia maziwa yangu mji mzima. Kumbe nusu ya kazi ilifanywa na ule ua."

"Chakula chako kinatosha, mama. Kilichopungua hapa si chako."

Alimvisha mtoto soksi. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hicho kichupa. Nitampa mwenyewe." Nilikileta. Akasema bismillahi, akaminya, akalitazama lile tone likiingia mdomoni mwa mjukuu wake, akampangusa kidevu kwa ncha ya khanga.

"Lakini ndugu zako wasisikie," akasema. "Wao waachie waamini ni maziwa."