Matangi ya Boti ya Masika

Nilitoka Kasese kwa sababu ya matumbo ya watu. Masika, mama mwenye boti ya chuma ya kuvusha mizigo ziwani, chini ya mji wa mpakani wa Bwera, alinipigia simu. Fundi wa kwanza alikuwa amepaka matangi yake ya maji ya kunywa kwa rangi ya mabati. Wafanyakazi wakatapika, mumewe akalazwa hospitalini Kisinga, na vijana hao wa kazi wakamkimbia. "Na wewe ukishindwa," aliniambia, "boti nauzisha kama chuma chakavu."

Mimi ni Mkenya, mchomeleaji wa kiwanda cha saruji cha Kasese, na likizo yangu ilikuwa fupi. Nikapata lifti kwenye lori la saruji.

Huko Bwera ilikuwa siku ya soko. Muuza rangi akanisukumia kopo la rangi ya paa. "Rangi iko rangi tu, muzee. Ndani ya tangi nani ataona?"

"Tumbo litaona," nikamjibu. Akacheka, akaingia nyuma ya duka, akarudi na rangi ya matangi ya maji, ile ya kuchanganya makopo mawili.

Ziwani nilifungua matangi nikasikitika. Rangi ilibanduka kama maganda ya muhogo, na chini yake kutu tupu. Nikaparua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Palipotoboka nikachomelea kiraka. Nikapaka mkono wa kwanza wa rangi, ukakauka, nikapaka wa pili.

Kesho yake Masika alitaka kujaza maji, maana wenye mahindi walikuwa wanamsubiri. "Imekauka, baba. Gusa."

"Juu imekauka. Ndani bado."

Tulinuniana karibu wiki nzima, tukingoja rangi ikomae. Likizo ikaniishia palepale, msimamizi wa kiwandani ananipigia simu nami sipokei. Nilikasirika, sifichi.

Hatimaye tukasuuza matangi, tukayajaza. Vijana wake wa zamani walikuja, wakasimama kando, hakuna aliyesogea. Masika akakinga kikombe, akanipa mimi.

"Wewe njo ulipaka. Kunywa, batu baone." Yaani mimi niliyepaka ndiye ninywe kwanza, watu waone.

Nikanywa. Maji yalikuwa maji tu. Jioni akaniuliza tumbo linasemaje, asubuhi akauliza tena. Ndipo vijana wakaanza kupakia mahindi.

Nimerudi Kasese, msimamizi amenifokea vya kutosha. Lakini nimejifunza kwamba mtu aliyekwisha kuumizwa na fundi hana haja ya maelezo ya rangi. Siku hizi nikimaliza tangi, naomba kikombe kabla sijaulizwa.