Nukta ya Bibi

Mama mdogo, ninayeishi naye, anafanya kazi kampuni ya maji, na kazi yenyewe tamu balaa! Kwenye skrini yake mji mzima ni nukta na mistari: nukta ni kipimo cha presha, mstari ni bomba, na rangi ya kijani maana yake maji yako sawa. Sasa vipimo hudanganya sana, mara betri, mara matope. Kwa hiyo kompyuta ikiona nukta moja imeshuka peke yake, inaipandisha ifanane na majirani zake. Kama simu inavyokubadilishia neno bila kukuuliza. Hiyo programu kaiandika yeye mwenyewe, na anavyoringa nayo!

Shida ikaanzia kwa bibi, mama yake mzazi. Kipimo kimoja kiko getini kwake.

"Mwanangu, maji yanatoka kama machozi," bibi akapiga simu.

"Mama, hapa kwangu mtaa wenu wote ni kijani."

"Haya, basi nitaoga hiyo kijani yako."

Tulicheka mpaka basi! Akapiga tena: ukuta wa jikoni umepata ufa. Mama mdogo akasema nyumba ya zamani hiyo, kawaida. Mara ya tatu bibi hakulalamika. Aliuliza tu kama kwetu kuna nafasi ya kabati lake la vyombo.

Hapo mama mdogo akafungua laptopu, akazima marekebisho, aone namba zilivyokuja zenyewe. Majirani wote wazima. Nukta ya bibi ilikuwa ikishuka, ikishuka, na kila ikishuka kompyuta iliipandisha.

Tukakimbia. Bomba la kuingia kwa bibi lilikuwa limepasuka ardhini. Mafundi walipochimba, chini ya jikoni udongo umekuwa uji. Fundi mkuu akagonga ukuta, akatikisa kichwa.

"Bibi, humu hulali tena."

Nyumba aliyojenga na babu, jamani.

"Mama, nisamehe. Kompyuta iliangalia majirani..."

"Ukawauliza majirani hali yangu," bibi akasema, "na mimi nakupigia simu."

Sasa bibi analala chumbani kwangu, anakoroma kama jenereta, nampenda hivyo hivyo. Mama mdogo kaweka kengele: nukta ikipandishwa siku kadhaa mfululizo, simu yake inalia. Jana ililia tukiwa mezani. Mama mdogo akaitazama tu, kijiko mkononi.

Bibi akamsogezea simu. "Pokea. Kuna mtu huko."