Weafo Si Wapi

Ninyi wajukuu mtakaosoma haya, msinicheke Kiingereza changu. Sina. Maneno mawili ninayoyajua nayaandika kama yalivyoingia masikioni mwangu: wea na weafo. Wea ni wapi. Weafo ni neno la kale, wenyewe Wazungu wameshaliacha, na maana yake ni kwa nini. Ukiyatazama utadhani ni mtu na mdogo wake. Huyo mdogo ndiye aliyetumaliza.

Mjukuu wangu wa kwanza nimemlea mimi, yeye na wadogo zake, hapa Murungu, tangu mama yao alipovuka mpaka pale Manyovu kwenda kutafuta maisha Burundi asirudi. Kidato cha nne hakikumpa kitu. Akajifundisha Kiingereza kwa kitabu cha hadithi alichoacha babu yake, aliyewapikia wamisheni. Kitabu kikuukuu. Neno asilolijua alilikisia kwa sura yake, huku tunapukuchua maharage.

Ikatangazwa kazi ya ukalimani kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Tukaenda Kasulu kwenye usaili, mimi nikakaa barazani chini ya dirisha. Wasaili wakampa maneno ayageuze kwa Kiingereza: mama amepotelewa na mtoto kwenye foleni ya maji, anauliza, "Mwanangu yuko wapi?" Akajibu kwa sauti nzuri, na weafo ndani yake. Halafu kicheko.

"Dada, huyo mama sasa anauliza kwa nini ana mtoto!" mmoja akasema. "Hicho Kiingereza umekifukua kaburi gani?"

Alitoka bila kunitazama. Ndani ya basi ndipo akanieleza lile kosa.

"Bibi, yamefanana."

"Hata uyoga hufanana," nikamwambia.

Kazi akapewa mwingine. Nyumbani wadogo zake wakapata mchezo: "Dada, weafo chumvi?" Wanacheka mpaka wanaanguka. Yeye analima tu, kitabu hakigusi, na hata Kiswahili chake kimepungua.

Juzi nilimkuta mlangoni, ameegemea jembe, anatazama barabara.

"Bibi, kwa mama tuulize lipi? Wapi, au kwa nini?"

"Uliza lolote. Hakuna wa kukujibu."

Jioni, ugali ukiwa mezani, niliwaambia wote: "Humu ndani, aliyepoteza kitu akitafute kwa macho yake. Nisisikie tena mtu anauliza wapi."