Mgeni Rasmi Alikataa Maini, Mwanangu Akacheka

Admin, jina langu lifiche, na la kijiji pia, maana huku kwetu upande wa Lupembe ukikohoa shambani, jirani anakuuliza jioni umekunywa dawa gani. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, nachuma chai, sina mume, nina binti mmoja wa miaka kumi na tatu. Nimwite Tumaini. Niliishia darasa la saba. Kuandika huku nimejifunza kwa kusoma kila gazeti lililofungiwa maandazi. Nikikosea mnivumilie.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nikichuma chai shamba lingine mbali na hapa, nilipendana na karani wa mizani, yule anayepima majani ya chai kabla lori halijayapeleka kiwandani. Wenzangu walilalamika anawapunja kilo. Mimi alikuwa ananizidishia, nikadhani ndiyo mapenzi yenyewe. Nilipomwambia nina mimba alisema, "Mimi kazi yangu kupima majani. Hiyo mpelekee aliyekupa." Wiki iliyofuata mizani ilikuwa na karani mwingine.

Tumaini alipoanza kuuliza baba yuko wapi, nikamuua. Nilisema lori liliteleza kwenye tope, akafa palepale, kaburi liko Songea. Nilichagua Songea kwa sababu ni mbali, mtoto asije akasema twende tukapalilie. Mazishi niliyapanga vizuri, hadi mahubiri ya mchungaji nilimsimulia.

Ila kitu kimoja cha baba yake nilikitunza. Kwetu mwiko wa chakula mtoto anaufuata kwa ukoo wa baba. Yule bwana aliwahi kuniambia ukoo wao hawali maini, akila mtu ngozi inambanduka. Mama yangu akasema, "Mwanaume mkasirikie unavyotaka, mwiko wake usiuchezee. Mtoto hana kosa." Basi Tumaini hajawahi kuonja maini hata siku moja.

Juzi shule yetu ilifunga mwaka. Matokeo ya darasa la saba yalikuwa yametoka na Tumaini ameongoza shule nzima, kwa hiyo wazazi tuliamua sherehe iwe sherehe. Kamati ikanipanga jikoni, kwenye chai ya mgeni rasmi. Tuliambiwa tu ni mfanyabiashara wa mbao kutoka Makambako. Nikakaanga maini na vitunguu huku naimba, mama wa mtoto aliyeongoza. Gari jeupe likaingia, tope hadi madirishani, mlango ukafunguliwa, akashuka marehemu.

Amenenepa. Kifo kimempenda.

Mama Zawadi, mwenzangu wa jikoni, akanipiga kiwiko. "We mama Tumaini, mbona umesimama kama nguzo ya umeme? Peleka sahani! Au unaogopa suti?"

Nikapeleka. Ofisini kwa mwalimu mkuu, Tumaini, ambaye ndiye aliyekuwa dada mkuu mwaka huu, alikuwa anawanawisha wageni mikono. Yule bwana akapokea sahani bila kunitazama, akaisogeza pembeni. "Samahani mama, kwetu maini ni mwiko."

Mwanangu akacheka kwa furaha, jagi mkononi. "Hata mimi, mgeni rasmi! Mama anasema ni mwiko wa marehemu baba."

Ndipo aliponitazama. Kisha akamtazama mtoto, kisha mimi tena. "Una miaka mingapi, binti?"

"Kumi na tatu."

"Ndiye aliyeongoza, mheshimiwa," mwalimu mkuu akadakia. "Yatima huyu, lakini kichwa!"

Yule bwana akanywa chai ya moto bila kupuliza.

Kwenye hotuba alimwita Tumaini mbele, akamshika bega. "Nimesikia binti huyu hana baba," akasema. "Ndugu wazazi, kuanzia leo mimi ndiye baba yake. Nitamsomesha mpaka atakapochoka mwenyewe." Vigelegele! Kwaya ikainuka bila kuitwa. Mama Zawadi alilia hadi kitenge kikamwanguka. Nami nilipiga makofi. Mikono ilikuwa yangu, sijui nani aliituma.

Ndugu zangu, miaka kumi na tatu nilimwomba Mungu mtu huyu aseme maneno hayo mbele za watu. Ameyasema, tena kwenye kipaza sauti, na kila aliyesikia akasikia msaada.

Alipokuwa anaondoka nilimfuata kwenye gari. Aliongea kabla yangu, sauti ya chini. "Nina familia, unajua. Shule nitalipa yote, hilo usiwe na wasiwasi. Ila usimvuruge mtoto. Wewe endelea na hadithi yako ileile."

Yaani niendelee kumzika.

Tangu siku hiyo Tumaini amebandika picha waliyopiga naye ukutani, juu ya kitanda. Nikiipita natazama mapaji ya uso mawili yaliyofanana, nashangaa kijiji kizima hakina macho. Na kabla ya kula, yeye ndiye anayeomba. Zamani aliomba, "Bwana, umpumzishe baba kwa amani." Sasa ameongeza, "Na mfadhili wangu umpe maisha marefu." Mtu mmoja, kwenye sala moja. Mimi nasema amina, namega ugali.

Nikimwambia ukweli, atajua kwamba baba yake alimkana na kwamba mama yake alimdanganya hadi kaburi. Namjua mwanangu, anaweza kukataa shule. Nikinyamaza, atamshukuru maisha yake yote kama mtu baki aliyemwonea huruma.

Mwalimu mkuu ameagiza aandike barua ya shukrani, na kesho inakwenda Makambako. Ameimaliza yote, mwandiko mzuri, ila mwanzoni ameacha nafasi. Ameniuliza, "Mama, nianze na 'Mpendwa mfadhili' au 'Mpendwa baba'? Si alisema mwenyewe?"

Nimemwambia asubiri kidogo, mboga inaungua. Mboga haikuwa hata jikoni. Wenzangu, nipeni neno kabla hajaniuliza tena: mwanangu aandike nini hapo?