Mashuka ya Mama Juu ya Chumba Changu cha Vioo

Leo nimenyamazishwa na mashuka manne.

Mnakijua kile chumba cha vioo tulichoongeza nyuma ya nyumba hapa Katy, huku majuu. Nimekisifu hadi mmechoka. Nimeweka mapazia mazito, nimeweka na AC. Bado mchana wa Agosti ni oveni.

Asubuhi natoka shift, nampata mama yangu, aliyefika juzi kutoka Meru, amefunika vioo kwa nje na mashuka yangu ya maua.

"Mama, tafadhali! Wamama wa fellowship wanakuja saa nane. Majirani watasema nini?"

"Miche ya kahawa tunaifunikia kwa juu," akasema. "Jua likishapita kioo, hilo pazia lako litafanya nini?"

Nikayatoa yote. Mimi ni nurse, nina degree, nina AC. (Msicheke.)

Saa nane na nusu, icing ya keki inateleza kwa sahani. Mama Ken, kiongozi wetu wa maombi, anajipepea na Biblia.

Biblia, jamani!

Nikaleta ngazi mwenyewe. Wamama sita, na nguo zetu za kanisa, tukayarudisha mashuka. Kufika saa kumi, AC ikaanza kushinda.

Wenye vyumba vya vioo, nisikilizeni: anzeni na nje. Turubai ya kivuli nimesha-order. Baridi ikija tutaikunja, jua liingie.

Nani mwingine ameshawahi kushindwa na mamake? Semeni, nisiwe peke yangu.

Mama hajaniambia "si nilikwambia."

Ameniomba tu sweta.