Tantine Alinyoa Nywele kwa Neno Langu

Mkasa huu ningeufukia kabisa kama wanawake wa kikundi chetu cha maombi hapa ugenini, Kensington, wasingekuwa wanausimulia wenyewe, tena kwa kuongeza chumvi.

Tantine Mapendo, mdogo wa mama yangu, alitolewa uvimbe wa saratani ya titi. Kipande chake kikapelekwa maabara wapime jeni zake, zipi zinafanya kazi kwa nguvu na zipi zimelala, maana humo ndimo wanamokadiria kama ugonjwa utarudi, na kama mgonjwa anahitaji dripu za kemo au vidonge vinatosha. Majibu yakaja kwenye simu yangu siku moja kabla ya kumwona daktari (Tantine hana barua pepe, na mwenye digrii ya biolojia ni mimi, digrii ambayo bado haijanipatia kazi). Ningeweza kungoja. Nikafungua.

Nikaona jeni za homoni zimepanda sana. Zimepanda! Yaliyofuata sikuyasoma, kichwani nilishafika makaburini na kurudi.

Nilipomwambia majibu yamekuja, Tantine alikuwa anamsuka mteja saluni kwake. Hakugeuka.

"Riziki, iko muzuri ao iko mubaya?"

"Tantine… inaonekana itarudi. Utahitaji kemo."

Akamaliza kusuka, akamuaga mteja, akachukua mashine ya kunyolea. "Nywele zangu hazitaangukia kwa mto. Mimi mwenyewe njo nitazitoa." Akanyoa zote, yeye ambaye kichwa chake ndicho kilichokuwa tangazo la saluni. Kwetu Bukavu mwanamke akinyoa hivyo watu huuliza nani amekufa, basi jirani akauliza, mwingine akajibu asichokijua, na jioni Mama Pasta, mke wa mchungaji wetu, akawa mlangoni na kikundi kizima cha maombi, wanalia. Nilitaka kusema sina uhakika, lakini nikawaza, nikisema hivyo sasa, na nywele ziko sakafuni?

Nikachukua ufagio, nikazifagia.

Kesho yake wote wakatusindikiza hospitali. Kwa daktari tuliingia watu watatu, Tantine, Mama Pasta na mimi mkalimani, wengine wakabaki koridoni. Daktari akasema kwa Kiingereza kwamba uwezekano wa ugonjwa kurudi ni mdogo, kemo haihitajiki. Badala ya kutafsiri, nikabishana naye!

"Lakini daktari, jeni za homoni zimepanda!"

"Ndiyo, na hiyo ni nzuri," akasema polepole, kama anayeongea na mtoto. "Zikiwa juu, vidonge vya kuzuia homoni vina pa kushika. Tunazoziogopa ni zile zinazoharakisha seli kugawanyika, na hizo ziko chini."

Tantine akanishika mkono kwa nguvu. "Anasema nini? Riziki, anasema nini?"

Jamani, hakuna kazi ngumu kama kutafsiri kosa lako mwenyewe mbele ya mtu uliyemtia upara. Nikatafsiri. Mama Pasta akatazama kile kichwa, akapiga ukelele wa "Yesu wangu!" uliotikisa mlango, na kule koridoni kikundi, wakidhani yametimia, wakaangua kilio cha msiba. Wagonjwa wakasimama. Mlinzi akaja mbio. Ikabidi nitoke mimi.

"Hajafa!" nikapaza sauti. "Hata kemo hapewi! Ni vidonge tu!"

Mama mmoja akauliza, akijifuta machozi kwa kitenge: "Sasa nani alisema itarudi?"

"Mimi."

"Weye mwenye digrii?"

Nyuma yangu Tantine alikuwa ametoka. Hakucheka, hakunigombeza. "Sema tena," akaniambia, "yote, polepole." Nikasema: inaweza kurudi, lakini uwezekano ni mdogo, mradi anywe vidonge kila siku. "Tena." Nikarudia mbele ya koridoni nzima, na safari hii ndipo akalia, machozi ya siku mbili kwa pamoja, akiwa ameniegemea.

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea majibu yake, hata yawe ya malaria, namsindikiza mpaka kwa daktari na mdomo wangu nimeufunga.